Muulize Bibi Shamba: Gugu karoti halifyekwi, linang'olewa

SWALI: Shikamoo Bibi. Mtaa wetu uko Njiro, Arusha. Barabara ni ya vumbi, ina mitaro pande zote mbili. Masika haya majani yamefika kiunoni, na pale kona ya kwenda shule mtu wa bodaboda hamwoni mtoto mpaka ameshamfikia. Mwezi uliopita walikuja vijana na mafyekeo, wakafyeka siku nzima, tukashukuru. Wiki tatu hazijaisha, majani yamerudi, na safari hii mengi ni yale yenye maua meupe madogo madogo. Mwanangu wa pili ametoka vipele mikononi na shingoni. Mume wangu anataka kununua dawa ya kuua magugu apulizie mtaro wote. Apulizie? Na kazi hii ni ya nani hasa?
Mama wa Wawili, Njiro

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa mtoto. Nianze naye. Mpeleke kituo cha afya wamwone, umweleze mganga kwamba anacheza kando ya mtaro wenye maua hayo. Akianza kukohoa au kifua kubana, usingoje kesho.

Sasa nenda ukatazame jani lenyewe. Kama limechanika chanika kama la karoti, shina lina mistari ya kwenda juu na vinyweleo, na maua ni meupe kama punje za mchele uliovunjika, hilo ni gugu karoti. Lilitoka bara la Amerika, na huku Arusha lilitambuliwa mwaka 2010. Linawasha ngozi, na chavua yake, ule unga wa maua, huwasumbua wenye pumu. Mimi mwenyewe nililing'oa mikono mitupu mwaka wa kwanza nilipolikuta, kwa kudhani ni jani kama majani mengine. Ngozi ya vidole ilipasuka, nikakaa wiki mbili nashindwa kukanda unga.

Vijana waliofyeka hawakukosea kwa nia mbaya, walifanya walichotumwa. Lakini nenda hapo mtaroni, uchague kisiki kimoja kilichofyekwa, ukiangalie kwa karibu. Utaona machipukizi matatu, manne, yametoka chini kidogo ya pale fyekeo lilipopita, na kila moja limeshabeba vitumba vya maua. Palipokuwa na shina moja sasa yapo manne. Mche mmoja uliokomaa huweza kutoa mbegu 15,000 na zaidi, na tangu kuota hadi kutoa maua ni kama mwezi mmoja tu. Ukilifyeka likiwa na maua, unazimwaga mbegu. Zinashika kwenye tope, tope linashika kwenye tairi la bodaboda na kwato za mbuzi, na mtaa wa pili wanaletewa mzigo.

Niliwahi kuona mkandarasi mmoja akipakia majani hayo yaliyokomaa kwenye lori wazi na kwenda kuyamwaga ukingoni mwa kijito. Nilimsihi, hakunisikia. Masika yaliyofuata ukingo ule ulikuwa mweupe kwa maua, na waliokuwa wakilima mboga pale wakapata kazi ambayo hawakuiomba. Mpaka leo nikipita pale roho inaniuma.

Kwa hiyo ling'oeni. Ngojeni mvua inyeshe ardhi ilainike, vaeni mikono mirefu na glavu (kama hakuna, mfuko mgumu wa plastiki ufungwe kiganjani), mshike shina chini kabisa, mvute mzizi mzima utoke. Ambalo halijatoa maua liachwe likauke juani. Lenye maua liingie kwenye gunia palepale, likaushwe, lichomwe shimoni mbali na watoto. Mbegu hukaa ardhini miaka, kwa hiyo mtarudia masika na vuli, ila kila msimu mtaona limepungua.

Ukoka msiuguse mizizi. Hapa ndipo ninapogombana na wengi, maana watu wetu wanapenda kuparua kwa jembe mpaka udongo ubaki mwekundu, wanasema sasa ni safi. Udongo ulioparuliwa ndio gugu karoti linaoupenda. Tena mvua ikija unaporomoka mtaroni, kalavati linaziba, maji yanapanda barabarani. Fyekeni ukoka ubaki kimo cha kiganja. Pale kona ya shule fyekeni fupi zaidi, mpaka mtoto wa darasa la kwanza aonekane kutoka mbali. Kona hiyo msingoje mtu yeyote, ifanyeni wiki hii.

Dawa, mwambie baba asipulizie. Glaifoseti, ile dawa ya magugu inayotumiwa na wengi, inaua ukoka pamoja na gugu, na ukoka ukifa turudi palepale pa udongo mtupu. Halafu maji ya mitaro ya huko yanaelekea mto Themi, na chini huko wapo watu wanaomwagilia mchicha. Kama eneo ni kubwa mno kung'oa, waulizeni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, wako hapohapo Arusha, Ngaramtoni.

Kazi ni ya nani? Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mitaa kama yenu ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017, na mitaro yake ni yao pia. Usafi wa mji ni wa halmashauri, na halmashauri nyingi zina sheria ndogo inayomtaka mwenye nyumba asafishe mbele ya uzio wake. Andikeni barua moja kupitia mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata na diwani. Msiandike "majani ni mengi". Andikeni jina la barabara, kutoka nyumba gani mpaka kalavati gani, na ombi moja: mkandarasi aje kabla ya maua, na gugu karoti ling'olewe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, mwombeni mwenyekiti awaonyeshe watu jani hilo kabla hawajashika mafyekeo.

SWALI: Bibi, nakata majani ya ng'ombe kando ya lami. Siku hizi maziwa yana uchungu na wateja wananikimbia. Ni nini?
Mfugaji, Usa River

JIBU: Fungua mzigo wa majani kabla hujaumwaga horini, utafute gugu karoti, lile lenye jani kama la karoti. Ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu. Chambua, au kata mahali pengine, na akiendelea hivyo mwite daktari wa mifugo. Na ukikuta majani ya kando ya barabara yamegeuka manjano kwa mstari ulionyooka, hapo pamepuliziwa dawa. Usikate.