Maswali ya Wasomaji: Kujiandaa kwa Mtihani wa PMP

Katika toleo hili tunajibu maswali kuhusu PMP, cheti cha usimamizi wa miradi kinachotolewa na taasisi ya PMI ya Marekani. Takwimu tunazozitaja ni za muhtasari wa mtihani ulioanza kutumika Januari 2021. PMI imetangaza muhtasari mpya kuanza Julai 2026, kwa hiyo atakayefanya mtihani baada ya hapo apakue ule mpya kwenye tovuti yao kabla ya kununua kitabu au kulipia kozi yoyote.

Nina stashahada ya ujenzi, sina digrii. Nimesimamia miradi ya barabara za vijijini kwa miaka mingi. Je, naruhusiwa kuomba? — Msomaji, Dodoma

Unaruhusiwa, ndugu yetu. Mwenye digrii anatakiwa kuonyesha miezi 36 ya kuongoza miradi. Mwenye stashahada au cheti cha sekondari anatakiwa kuonyesha miezi 60. Wote wawili wanahitaji saa 35 za mafunzo ya usimamizi wa miradi, na cheti cha mafunzo hayo kitaje hizo saa.

Wengi hukosea kwenye kuhesabu miezi. Miezi inayogongana huhesabiwa mara moja tu. Kama mradi mmoja uliusimamia Januari hadi Juni na mwingine Aprili hadi Desemba mwaka huohuo, una miezi 12, si 15. Chora kalenda kwenye karatasi, paka rangi kila mwezi uliokuwa na mradi, kisha hesabu miezi yenye rangi. Kosa la pili ni kuandika kazi za kila siku kana kwamba ni mradi. Matengenezo ya kawaida ya barabara yanayofanyika mwaka hadi mwaka si mradi. Ujenzi wa daraja lenye tarehe ya kuanza na ya kukabidhi ni mradi. Unapoueleza kwenye fomu, taja lengo lake, wewe ulifanya nini hasa, na nini kilikabidhiwa mwishoni. Maelezo ya aina ya "nilishiriki" hayasaidii. Andika "niliandaa ratiba", "niliongoza vikao vya wadau", "nilisimamia mabadiliko ya mkataba".

Baadhi ya waombaji huchaguliwa kwa ukaguzi bila kufuata sababu yoyote, na hupewa siku 90 kuwasilisha vielelezo: nakala ya cheti cha elimu, cheti cha saa 35, na uthibitisho wa mtu aliyeujua kila mradi ulioutaja. Kabla ya kutuma ombi, wapigie simu hao watu. Bosi wa zamani aliyehamia nchi nyingine na hapokei barua pepe anaweza kukwamisha ombi zima.

Nimeusoma mwongozo wa PMBOK mwanzo hadi mwisho, lakini mitihani ya majaribio nakwama palepale. Nimekosa nini? — Mhandisi, Nairobi

Hujakosa bidii. Umekazania kukariri, na mtihani huu unapima maamuzi. Mwongozo wa PMBOK, yaani kitabu cha PMI kuhusu usimamizi wa miradi, si silabasi. Toleo la sita la 2017 lilikuwa na michakato 49, na watu walikuwa wakiikariri kama jedwali la kuzidisha. Toleo la saba la 2021 likaja na kanuni 12 badala yake. Silabasi ni ule muhtasari wa mtihani, na ndani yake asilimia 42 ya maswali ni kuhusu watu, 50 kuhusu mchakato, na 8 kuhusu mazingira ya biashara. Takriban nusu ya maswali yanahusu miradi inayopangwa yote mwanzoni, na nusu nyingine mbinu za ajaili (kazi hufanywa kwa vipande vifupi na mpango hurekebishwa njiani) au mchanganyiko wa zote mbili.

Tazama swali kama hili, tulilolitunga wenyewe. Mpango wa mradi wa maji umeshaidhinishwa na kazi inaendelea. Mteja anamwomba msimamizi aongeze vituo viwili vya kuchotea maji, na anasema fedha zipo. Msimamizi afanye nini kwanza? (A) Akubali, kwa kuwa fedha zipo. (B) Akatae, kwa kuwa mawanda ya mradi yameshafungwa. (C) Akae na timu kuangalia ombi hilo litagusa vipi muda, gharama, ubora na hatari. (D) Alipeleke kwa mfadhili wa mradi aamue.

Mtu mwenye uzoefu wa ofisini mara nyingi huchagua D, maana ofisi nyingi huendeshwa hivyo: jambo likizidi kimo, linapanda juu. Jibu ni C. Msimamizi anayepeleka ombi bila kujua athari zake anamwachia mkubwa wake kazi iliyo yake. Akishaujua uzito wake, ndipo ombi rasmi la mabadiliko linakwenda kwenye kamati inayoidhinisha, kisha mpango unarekebishwa, kisha wahusika wanaarifiwa. Mfuatano huo ujulikane usingizini, kwa sababu swali linaweza kukukuta kwenye hatua yoyote. Likisema athari zimeshachambuliwa, C inakufa na jibu ni kwenda kwenye kamati.

Sasa badilisha neno moja tu: sema timu inafanya kazi kwa ajaili. Kamati ya mabadiliko inaondoka kwenye picha. Ombi linakwenda kwa mwenye bidhaa, yaani mtu anayeamua timu ifanye nini kwanza, naye analiweka kwenye orodha ya kazi na kulipanga kulingana na thamani yake. Halidumbukizwi kwenye sprinti, yaani kipindi kifupi cha kazi, inayoendelea. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza kila mara ni: mradi huu unaendeshwaje? Usipolijibu hilo, majibu mawili kati ya manne yataonekana sahihi.

Dawa ya alama zisizopanda ni daftari la makosa. Kila swali ulilokosa, na kila ulilopata kwa kubahatisha, liandikie mstari mmoja unaotaja chanzo: sikuijua dhana, sikuona neno "kwanza", nilikimbilia kwa bosi, nilichanganya ajaili na mpango wa awali, nilitenda kabla ya kuchunguza. Baada ya maswali mia mbili hivi utaona vyanzo viwili vinajirudia kuliko vingine vyote. Hivyo ndivyo vya kufanyia kazi. Kufanya maswali elfu bila daftari hilo ni kujizoeza kukosea kwa kasi.

Na tunasema kwa msisitizo: achana na mafaili yanayouzwa WhatsApp kama "maswali halisi ya mtihani". Kuyatumia ni kuvunja makubaliano unayoyakubali kabla ya kuanza mtihani, na unaweza kupoteza haki ya cheti. Majibu yake pia mara nyingi ni mabovu.

Hesabu zinanitisha. Nikariri fomula ngapi? — Msomaji, Mwanza

Chache, na uzielewe. Hesabu ngumu zimepungua sana. Mara nyingi unapewa namba tayari na kuulizwa maana yake. Zilizo muhimu zaidi ni za thamani ya kazi iliyofanyika, kwa hiyo tuzipige kwa mfano mmoja.

Mradi ni wa visima 20 kwa shilingi milioni 400, yaani milioni 20 kwa kisima. Hiyo milioni 400 ni BAC, bajeti ya mradi mzima. Kufikia leo mpango ulisema visima 10 viwe vimekamilika, hivyo PV, thamani ya kazi iliyopangwa, ni milioni 200. Vilivyokamilika ni 9, hivyo EV, thamani ya kazi iliyofanyika, ni milioni 180. Fedha zilizotumika, AC, ni milioni 225.

CPI, kipimo cha gharama, ni EV kugawa kwa AC: 180 kwa 225, yaani 0.8. Kila shilingi inayotoka inaleta kazi ya senti 80. SPI, kipimo cha ratiba, ni EV kugawa kwa PV: 180 kwa 200, yaani 0.9, kwa hiyo mradi uko nyuma ya ratiba. Chini ya moja ni shida, juu ya moja ni heri. Mwenendo huu ukiendelea hadi mwisho, makadirio mapya ya gharama yote, EAC, ni BAC kugawa kwa CPI: 400 kwa 0.8, yaani milioni 500. Lakini soma swali vizuri. Kama hasara ilitokana na jambo la mara moja, tuseme mtambo uliharibika na umeshatengenezwa, basi kazi iliyobaki itakwenda kwa bei ya mpango: 225 zilizokwisha kutumika jumlisha 220 za kazi iliyobaki (400 toa 180), yaani milioni 445. Tofauti ya milioni 55 inatokana na sentensi moja ndani ya swali.

Watu hukosea kwa kuweka EV chini. Katika CPI na SPI, EV hukaa juu daima. Wengine huchanganya AC na PV. Kumbuka kwamba gharama inapimwa kwa fedha zilizotoka, ratiba inapimwa kwa kilichopangwa. Ongeza hapo njia za mawasiliano, n(n−1)/2, ambapo n ni idadi ya watu: timu ya watu 6 ina njia 15, na akiongezeka mmoja tu zinakuwa 21. Kikokotoo kipo kwenye skrini.

Je, muda unatosha? — Msomaji, Mombasa

Maswali ni 180 kwa dakika 230, wastani wa sekunde 77 kwa swali. Kuna mapumziko mawili ya dakika 10, baada ya swali la 60 na la 120. Weka alama mbili kichwani: ukimaliza maswali 60 saa ya skrini ionyeshe dakika 153 zimebaki, na ukimaliza 120 ionyeshe 77. Ukiikubali skrini ya kwenda mapumziko, huwezi tena kurudi kwenye maswali yaliyotangulia, kwa hiyo yapitie uliyoyawekea alama kabla ya kubofya. Usiache swali tupu, maana jibu lisilo sahihi halikatwi alama. Maswali 5 kati ya hayo 180 hayahesabiwi, ila huwezi kuyatambua, basi yajibu yote kwa uzito uleule.

Fanya angalau mitihani miwili ya majaribio ya maswali 180 kwa mkao mmoja. Uchovu huanza kuuma kwenye maswali 60 ya mwisho, na mazoezi ya maswali ishirini ishirini hayakuandai kwa hilo.

Nifanyie nyumbani au nisafiri kwenda kituoni? — Msomaji, Mtwara

Kama kituo cha Pearson VUE, kampuni inayoendesha mtihani huu, kinafikika kwa nauli unayoimudu, nenda kituoni. Nyumbani kuna umeme, intaneti, na mlango ambao mtoto anaweza kuufungua. Mtu yeyote akiingia chumbani, msimamizi anayekutazama kwa kamera anaweza kuusitisha mtihani.

Ukiamua nyumbani, jaribu mfumo kwenye kompyuta ileile, intaneti ileile, na saa ileile ya siku utakayofanyia mtihani. Epuka kompyuta ya ofisi, kwa sababu ulinzi wake mara nyingi huzuia programu ya mtihani. Betri iwe imejaa, na kifaa cha intaneti nacho kiwe na umeme wa akiba; wengi hukumbuka la kwanza na kusahau la pili. Meza iwe tupu, simu iwe mbali na mkono. Usisome maswali kwa sauti wala kufunika mdomo.

Popote utakapofanyia, jina kwenye akaunti ya PMI lilingane na la kitambulisho. Hapa kwetu mtu ana majina matatu kwenye pasipoti na mawili kwenye barua pepe. Rekebisha hilo wiki kadhaa kabla, si asubuhi ya mtihani.

Je, kuna mtihani wa Kiswahili? Mimi nilisoma kwa Kifaransa. — Msomaji, Bujumbura

Kiswahili hakimo bado. Kifaransa kimo. Ukichagua Kifaransa, fanya na mazoezi kwa Kifaransa. Kujifunza istilahi kwa Kiingereza na kufanya mtihani kwa lugha nyingine kunakula sekunde kwenye kila swali.

Nafanya kazi shirika lisilo la kiserikali. Lazima iwe PMP? — Msomaji, Kigoma

Si lazima. Kuna cheti cha Project DPro (zamani PMD Pro) cha shirika la PM4NGOs, ambacho kimeandaliwa kwa miradi ya maendeleo na misaada. Soma matangazo kumi ya nafasi za kazi unazozitamani, uone zinataja cheti gani, kisha uamue. PMP ina gharama ya kuitunza pia: vitengo 60 vya kujiendeleza kila baada ya miaka mitatu.

Nimefeli. Nirudie lini? — Msomaji, Kampala

Ombi likishakubaliwa una mwaka mmoja na nafasi tatu. PMI haitangazi alama ya kufaulu. Ripoti yako inaonyesha kila eneo kama liko juu ya lengo, kwenye lengo, chini ya lengo, au linahitaji kuboreshwa. Anza na eneo lililo chini lenye uzito mkubwa. Kama ni watu, rudi kwenye migogoro ya timu, uongozi wa kutumikia na wadau wasiokubaliana. Kabla ya kulipia tena, fanya mtihani mzima wa majaribio wenye maswali ambayo hujawahi kuyaona, maana alama nzuri kwenye maswali uliyokwisha kuyazoea zinapima kumbukumbu tu. Daftari la makosa likionyesha chanzo kilekile bado kinaongoza, sogeza tarehe mbele.