Unachangisha pesa mtandaoni ukiwa Uganda? Anza na laini yako

Dada wa Arua ameuliza swali zuri. Anataka kuchangisha pesa za kuchapa kitabu chake cha katuni, sehemu kwa mobile money hapa nyumbani, sehemu kwa Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa za miradi, kupitia binamu yake aliye Uingereza, na anaogopa wadukuzi. Wengi mmemwambia anunue antivairasi na aweke paswedi ngumu. Si vibaya. Ila mimi nimechangisha pesa za kumalizia filamu fupi hapa Kampala, na nilichoona ni kwamba mwizi wa huku hahangaiki kuvunja ukurasa wako wa mchango. Anajifanya wewe, kisha anawaendea wachangiaji.

Kwetu ilianza na bango. Tulikuwa tumelisambaza WhatsApp, na haikuchukua muda likanirudia kupitia shangazi: picha ileile, maneno yaleyale, ila tarakimu za mwisho za namba ya kutuma pesa zimebadilishwa. Ukilitazama haraka huoni kitu. Kilichomwokoa ni kwamba bango letu lilitaja, kwa herufi kubwa kuliko namba yenyewe, jina litakalotokea kwenye simu kabla hujabonyeza namba ya siri. Alianza kutuma, akaona jina la mtu asiyemjua, akaghairi na kunipigia. Mghushi angeweza kubadilisha na jina pia, lakini hapo angejianika, au angemwanika yule aliyesajili laini ile kwa kitambulisho chake. Kwa hiyo dada, jina liwe kubwa. Ukiweza kupata namba ya biashara ya MoMo Pay (huduma ya malipo ya MTN) inayoonyesha jina la mradi, bora zaidi. Tena lirekodi kwa sauti yako, kwa Kiswahili na Kilugbara, ulitume kwenye makundi. Kuhariri sauti ya mtu anayejulikana mtaani si kazi nyepesi kama kuhariri bango, na mtu yeyote aliyewahi kupita Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, anajua mabango yanavyohaririwa.

Sasa laini. Namba iliyo kwenye bango isiwe ndiyo inayofungua barua pepe yako. Ukishaitangaza, kila mtu anayo, na mwenye nia mbaya anaweza kwenda na kitambulisho cha kughushi, au akapanga na mtu wa ndani, laini ikahamishiwa kadi nyingine. Wewe utaona tu simu imekosa mtandao ghafla wakati ya jirani inashika vizuri. Usikae kungoja mtandao urudi. Azima simu, pigia kampuni ya laini wakati huohuo. Kwenye Gmail ondoa ile namba ya bango kama njia ya kurejesha akaunti, tumia programu ya kutoa namba za uthibitisho, kisha chapa zile namba 10 za akiba ambazo Google hukupa uziweke ndani ya Biblia au Kurani, popote ambapo hapaguswi na watoto. WhatsApp nayo ina namba ya siri ya tarakimu sita unayojiwekea mwenyewe. Iweke leo, na viongozi wote wa kundi la mchango waiweke, maana mwizi hana haja ya simu yako akishapata ya mweka hazina.

Jambo ambalo sijaona mtu akilitaja hapa ni picha za skrini za kushukuru. Mtu akituma elfu hamsini, tunafurahi, tunapiga picha ule ujumbe wa mobile money na kuubandika kwenye status: jina, namba ya simu, kiasi, namba ya muamala, pengine hata salio lako. Umemwandalia tapeli kila kitu. Anampigia mchangiaji akiwa na kiasi na saa kamili mdomoni: "Ule mchango wako umekwama, nisomee namba iliyokuja kwenye simu tuurekebishe." Nani asingeamini? Shukuru kwa jina la kwanza, basi. Na lile daftari la majina na namba za wachangiaji lisizunguke kwenye kundi; tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, na anayekusanya taarifa za watu anawajibika kuzilinda.

VPN, ile programu inayokufanya uonekane uko nchi nyingine, ni tatizo la kwetu kabisa. Tangu Facebook ilipofungwa hapa Uganda Januari 2021, wengi tunaingia kwa VPN za bure, nyingine tumetumiwa kama faili na rafiki. Faili hizo ziache; pakua kutoka kwenye duka la programu la simu. Lakini hata VPN nzuri ina kero yake: leo akaunti inaonyesha umeingia kutoka Uholanzi, kesho Singapore, na tahadhari za "kuna mtu ameingia" zinazoeleka. Siku mwizi akiingia kweli, unaifuta tahadhari bila kuisoma. Zima VPN kila unapoingia kwenye barua pepe au akaunti ya mchango, ili tahadhari ikija uishtukie.

Kuhusu binamu: Kickstarter haipokei waanzilishi wa kampeni walio Uganda, ndiyo maana tunapitia kwa jamaa. Asikutumie paswedi yake WhatsApp. Kuna nafasi ya kukuongeza kama mshiriki, kila mmoja akaingia kwa akaunti yake. Na paswedi hiyo isitumike kwingine kokote: Kickstarter yenyewe ilidukuliwa Februari 2014, Patreon, tovuti nyingine ya michango, mwaka uliofuata, na paswedi ya zamani iliyovuja bado hujaribiwa kwingine.

Ukizindua tu, utaanza kupokea barua za "wadhamini" na "watangazaji". Wengine ni wasumbufu tu, wengine wanatuma mkataba ndani ya faili lililofungwa. Mwaka 2021 Google ilieleza jinsi wenye chaneli za YouTube walivyonaswa hivyohivyo: faili linaiba vidakuzi vya kivinjari (cookies, zinazokumbuka kwamba umeshaingia), mwizi anaingia bila kuulizwa paswedi wala namba ya uthibitisho. Mdhamini wa kweli hawezi kukataa kuandika masharti yake ndani ya barua yenyewe.

Kampeni ikifungwa, usiitupe ile laini. Ndipo huanza ujumbe wa matapeli kwa wachangiaji: "lipa nauli ya kitabu chako". Tangaza mapema kwamba hutadai pesa ya usafirishaji kwa simu, na ikiwa nauli ipo, iingize kwenye mchango tangu mwanzo.

Bango likiwa tayari lilete hapa tulikague, ila ufute namba kwanza, humu tumo wengi.