Kata neno la Kifaransa kwa sikio

Juzi kijana mmoja anayeongoza watalii Arusha aliniandikia: "Dada, neno oiseau, yaani ndege, lina herufi sita, irabu tano. Nalisomaje?"

Swali lake limenirudisha mbali. Mwaka wangu wa kwanza wa kutembeza wageni Zanzibar, nilisimama soko la Darajani na familia ya Wafaransa, nikaonyesha meza za samaki nikatangaza: poison! Mama akamvuta mwanawe nyuma. Nilikuwa nimesema sumu. Bosi wangu alinicheka mbele yao, na kundi lililofuata la Wafaransa akapewa mwenzangu. Bado inaniuma.

Nilikuwa nasoma kwa macho tu. Samaki ni pois-son: s mbili zinagawana silabi, sauti inabaki s. Sumu ni poi-son: s moja kati ya irabu hugeuka z. Na ile "on" ya mwisho pitisha puani, usimalizie kwa n wala ng'.

Nikanunua daftari, kila neno nikalikata kwa penseli. Nikagundua Kifaransa kinapenda silabi inayoishia kwa irabu, kama chetu: ta-bleau, ki-ta-bu. Mswahili ana bahati hiyo, aitumie! Ila hesabu sauti, usihesabu herufi. Oi ni "wa", eau nzima ni "o". Kwa hiyo oi-seau ni wa-zo, silabi mbili. Ch, ph na gn usizitenganishe. Gn ni ny ya nyama.

Konsonanti ya mwisho mara nyingi hunyamaza, beaucoup ni bo-ku, lakini ikifuatwa na irabu huweza kuamka: les amis husikika le-za-mi.

Mwaka jana nilifaulu DELF B2, mtihani wa Kifaransa kwa wageni, na katika mazungumzo nikapata 21 kati ya 25. Sikubahatisha, ni lile daftari. Vijana wenzangu, acheni kukariri sentensi za salamu mkadhani mmejua lugha. Kata neno, litamke kwa sauti, rudia. Na mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho uacheni nyumbani. Wao huuweka mwisho.

Wewe wa Arusha, anza na ndege unaowaonyesha wageni. Heroe ni fla-mant, t haisikiki. Mbuni ni au-tru-che: e ya mwisho inanyamaza, mkazo unaangukia tru, na hiyo u itamke i huku midomo umeiviringa kama unapiga mluzi.