Majarida ya Palpu: Mfuate Mchoraji, Si Jina la Jarida

Wanaotaka kukusanya majarida ya palpu, yaani yale majarida ya hadithi yaliyochapwa Marekani kwa karatasi hafifu tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi miaka ya 1950, huniuliza waanze na jarida lipi. Mimi huwashauri wamchague mchoraji mmoja na kumfuata popote alipochora, kwa sababu anayemfuata mchoraji hujifunza kutazama, ilhali anayefuata jina la jarida huishia kuhesabu matoleo yanayompungukia.

Weird Tales, jarida la hadithi za kutisha na za ajabu lililoanza Chicago mwezi Machi 1923, ni mahali pazuri pa kujifunzia. Margaret Brundage alianza kulichorea majalada mwaka 1932 kwa chaki za rangi, na ni chaki hizo zinazoipa ngozi ya watu wake ulaini ambao ni nadra kuuona katika majalada ya rangi ya mafuta ya wakati huo.

Hata hivyo, nakusihi usiishie kwenye jalada. Jalada lilichapwa kwa rangi kali juu ya karatasi laini yenye mng'ao, kwa kuwa ndilo lililomvuta mnunuzi kibandani, lakini kurasa za ndani zilikuwa za rojo la mbao, karatasi inayonyonya wino na kuuacha mstari mwembamba utawanyike. Ndiyo maana mchoraji Virgil Finlay alipompelekea mhariri wa Weird Tales, Farnsworth Wright, michoro yake mwaka 1935, mhariri huyo alitilia shaka kama ingechapika, akaijaribu kwanza mtamboni. Ilichapika. Finlay alijenga vivuli kwa nukta moja moja za wino na kwa mistari iliyopishana, kazi ya polepole mno kwa jarida la bei ya chini, na ukiitazama kwa kioo cha kukuza utaona jinsi weusi unavyofifia hatua kwa hatua hadi kuwa nuru. Kwangu mimi, hakuna kilicho bora zaidi katika majarida haya yote. Ukimlinganisha na Frank R. Paul, aliyesomea usanifu wa majengo na kuchora jalada la toleo la kwanza la Amazing Stories, jarida la hadithi za kubuni za kisayansi, mwezi Aprili 1926, utaona mkono tofauti kabisa: mitambo na miji ya Paul inasadikika kuliko watu wake.

Unaponunua, omba kuona kurasa, si jalada pekee, kwa maana wauzaji wengi hupiga picha ya jalada na kunyamazia yaliyomo. Kagua kama pini za ubavuni zimeshika kutu, kama kurasa za katikati zimechomoka, na kama kuna ukurasa wa mchoro uliokatwa. Uliza pia kama ni toleo la asili au nakala iliyochapwa upya, kwani nakala hizo ni nyingi na hazina ubaya wowote mradi ziuzwe kwa bei yake. Toleo lenye jalada lililochanika na kurasa kamili huwa nafuu, na kwa mpenzi wa michoro ndilo la kununua.

Kuhifadhi ndiko kugumu. Asidi iliyomo katika karatasi hiyo huigeuza kahawia na kuifanya ivunjike kama biskuti, hivyo kila toleo liwekwe katika mfuko safi wa poliesta pamoja na kadi isiyo na asidi, lilazwe bapa, mbali na jua. Usitie utepe wa gundi kwenye mpasuko wowote. Sisi tunaoishi pwani tuna adui wa ziada, unyevu unaoleta ukungu, kwa hiyo kabati lisiegemee ukuta wa nje, na vipakiti vya silika, vinavyofyonza unyevu, vibadilishwe mara kwa mara. Hadithi zenyewe zisome katika nakala za kidijitali za Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ulifungue toleo lako kwa ajili ya michoro tu, na lisipanuliwe kupita linavyokubali lenyewe.