Kukaza peke yake hakutoshi

Ami, wasema Korona tuliivuka kwa sababu serikali ilikaza. Nusu ni kweli. Kufunga Mombasa, Kilifi na Kwale Aprili 2020 ilibidi. Lakini kabla ya hapo, kukaza huko huko ndiko kulikoleta yale ya kivuko cha Likoni, Mombasa, Machi 27, siku ya kwanza ya kafyu: abiria wamejazana ferini wakirudi makwao, wakala virungu na vitoa machozi hata saa moja ya usiku, saa ya kafyu kuanza, haijafika. Kama nia ilikuwa watu wasisongamane, hapo ndipo walipobanana zaidi.

Mji wa Kale wa Mombasa ulipofungwa Mei, katikati ya Ramadhani, amri ilikuja lakini futari haikuja nayo. Mtaa ulibebwa na mazoea ya siku zote: mwenye kisima kuacha watu wachote, mwenye duka kuandika deni daftarini, sahani ya mbaazi za nazi kupita mlango hadi mlango. (Kina mama waliozipika, jamani, hotubani huwasikii.)

Mimi namuuliza kiongozi jambo moja tu: kabla hujafunga njia, ulizungumza na wazee wa mtaa, maimamu na wauza maji wa mikokoteni?