Muulize Mama Wakili: Ncha ya Kaskazini ni ya nani?

SWALI: Shikamoo Mama Wakili. Mimi ni mvuvi wa sangara hapa Igombe. Juzi tukisubiri zamu ya mzani mwaloni, tulisikia redioni kwamba mataifa makubwa yanagombania bahari ya barafu huko kaskazini. Mwenzangu akasema Urusi ilishachomeka bendera, basi ni yake. Mimi nikasema mwenye nguvu ni Marekani. Tumewekeana dau la ndoo ya dagaa. Nani kasema kweli? Na kwa nini wasigawane tu kama sisi tulivyogawana Ziwa Victoria na Uganda na Kenya?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hao dagaa waanikeni tu, wote wawili mmekosa.

Bendera kweli ilichomekwa. Tarehe 2 Agosti 2007 Warusi walizama na vyombo viwili vidogo vya kupiga mbizi, zaidi ya mita 4,200 chini ya Ncha ya Kaskazini, wakaiacha sakafuni bendera ya madini ya titani. Safari iliongozwa na mbunge wao, Artur Chilingarov, na picha zikazunguka dunia nzima. Kisheria haikuwaongezea hata inchi moja. Ni sawa na mtu anayepanda minyaa usiku kwenye shamba lenye mgogoro, baraza la ardhi bado halijakaa.

Kinachohesabika ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliotiwa saini Montego Bay, Jamaika, mwaka 1982 na kuanza kutumika 1994. Kipimo huanzia pwani yako. Maili 12 za baharini ni himaya yako, ingawa meli za wengine zinaruhusiwa kupita kwa amani. Hadi maili 200, samaki ni wako, na mafuta na gesi vilivyo chini ni vyako. Maili 200 ni kama kilomita 370: ukianza kupima hapo Igombe kuelekea kaskazini, utalimaliza ziwa lote na Kampala utaipita.

Sasa swali lako la kugawana. Ziwa letu liligawanywa lote, hadi tone la mwisho. Sisi tuna nusu hivi, Uganda inafuata, Kenya ina asilimia 6. Mpaka wetu na Uganda ni mstari wa nyuzi 1 kusini mwa Ikweta, na majini hauna boya wala kamba. Enzi zangu za kuvaa joho niliwahi kuhangaikia vijana waliokamatwa ng'ambo ya mstari huo. Walikuwa wakifuata nyavu zao zilizosombwa na upepo. Hakuna aliyetaka kusikia habari za upepo. Ziwani ukitoka kwako, umeingia kwa mtu.

Bahari ya Aktiki, hiyo ya barafu mliyoisikia redioni, haiko hivyo. Kila nchi ya pwani ikishapima maili zake 200, katikati panabaki kilomita za mraba milioni 2.8 hivi, zaidi ya mara 40 ya Ziwa Victoria. Maji hayo hayana mwenyewe. Ugomvi uko sakafuni. Mkataba unasema kwamba kama bara lako linaendelea chini ya maji kupita maili 200, una haki ya kuchimba sakafu hiyo, ila ulete ushahidi wa vipimo vya kina na miamba mbele ya tume ya wataalamu. Ndiyo maana kila mmoja anaung'ang'ania mgongo wa Lomonosov, safu ya milima iliyozama inayotoka upande wa Siberia, ikapita karibu na Ncha, hadi upande wa Greenland na Kanada. Urusi ilipeleka madai 2001, ikaambiwa ushahidi hautoshi, ikarudi nayo 2015. Denmark, kwa sababu ya Greenland iliyo chini yake, ilipeleka yake 2014. Kanada 2019. Yote yanapandana hapo hapo Nchani. Tume inapima sayansi tu. Kukata mpaka ni kazi yao wenyewe, mezani.

Na Marekani yako? Mpaka leo haijauridhia mkataba. Lakini Desemba 2023 ilitangaza mipaka yake ya sakafu ya bahari, Aktiki ikiwamo, kwa vipimo vya mkataba huo huo. Hapo huwa nacheka peke yangu.

Kitu kimoja nawaonea wivu. Mwaka 2018 nchi 9 pamoja na Umoja wa Ulaya, zikiwemo Urusi, Marekani na China, zilikubaliana kwamba meli zao hazitavua kibiashara katika yale maji ya katikati. Makubaliano yalianza 2021, kwa miaka 16 ya mwanzo, ili wanasayansi wajue kwanza kuna nini. Walifunga kabla nyavu za biashara hazijaingia. Sisi tulianza kumpima sangara kwa rula, chini ya sentimita 50 asivuliwe, viwanda vya minofu vikiwa vimeshasimama. Na kokoro, zile nyavu haramu, zinachomwa leo, kesho zinashonwa nyingine. Wewe unajua zaidi yangu nani anazishona.

SWALI: Mama, mimi ni mwanafunzi hapa Musoma. Tanzania ina sauti gani katika mambo ya bahari ya mbali hivyo?

JIBU: Inayo, na imetokea jirani yako. Tume iliyoandaa taasisi za ule Mkataba wa Sheria ya Bahari ilipoanza kukaa miaka ya 1980, mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Joseph Warioba, mtu wa Bunda. Baadaye, 1996 hadi 1999, alikuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg, na Mtanzania mwingine, James Kateka, akakaa hapo 2005 hadi 2023. Nchi yetu iliridhia mkataba mwaka 1985.

Usiseme ni mambo ya mbali. Sakafu iliyo nje ya mipaka ya nchi zote ni urithi wa binadamu wote, inasimamiwa na mamlaka iliyoko Kingston, Jamaika, na Tanzania ni mwanachama. Kila nchi inaporefusha sakafu yake, urithi huo unapungua. Urusi ilipanua tena madai yake mwaka 2021, na wa kuuliza kitabaki nini ni pamoja na sisi.