Seli Zikiongezeka, Mbona Figo Inadhoofika?

SWALI: Mdogo wangu alifanyiwa kipimo cha kuchukua kinyofu cha figo baada ya mkojo wake kuwa na damu na povu. Majibu yanasema ana uvimbe wa vichujio vya figo na kwamba seli za vichujio hivyo zimeongezeka kupita kiasi. Daktari alituambia kuwa heri seli hizo za ziada zife. Nimechanganyikiwa, kwa kuwa nilidhani figo huharibika pale seli zake zinapokufa. Je, hii ni saratani? Na kifo cha seli kinawezaje kuwa heri?

JIBU: Si saratani. Katika saratani seli hugawanyika bila kutii amri, ilhali katika ugonjwa huu zinagawanyika kwa sababu zimeamrishwa. Kila figo ina takriban vichujio milioni moja, na ndani ya kila kichujio, ambacho ni fundo la mishipa myembamba ya damu, zimo seli za mesanjia zinazoishikilia mishipa hiyo pamoja. Kingamwili zinaponasa hapo, seli nyeupe za damu huvutwa, na protini zinazochochea ukuaji hutolewa, baadhi zikitoka kwenye chembe sahani za damu. Seli za mesanjia huitikia kwa kuongezeka, hubana njia ya damu na, hali ikiendelea, hurundika kolajeni, yaani protini ya nyuzinyuzi, ambayo ndiyo mwanzo wa kovu.

Ama kifo, kipo cha namna mbili. Katika nekrosisi seli hupasuka na kumwaga vimeng'enya vyake, na uvimbe huzidi. Namna ya pili ilipewa jina la apoptosisi mwaka 1972 na Kerr, Wyllie na Currie, kwa neno la Kigiriki linaloashiria kupukutika kwa majani, na kwa kweli sijaona jina la kitabibu linalofaa kuliko hilo. Hapa seli hunywea na kujigawa katika vipande vilivyofungwa vizuri, ambavyo humezwa na makrofaji, yaani seli za kinga zinazokula mabaki, na wakati mwingine na seli za mesanjia zenyewe, kabla havijamwaga chochote. Isitoshe, makrofaji iliyomeza vipande hivyo hupunguza kutoa kemikali za kuchochea uvimbe. Katika panya waliosababishiwa uvimbe wa vichujio maabara, seli za mesanjia huongezeka sana, kisha katika majuma yanayofuata zile za ziada huondolewa kwa njia hiyo na kichujio hurudia umbo lake. Hiyo ndiyo heri aliyoizungumzia daktari wenu.

Hata hivyo hofu yako haikukosa msingi, maana yote hutegemea ni seli ipi inayokufa. Podosaiti, seli zenye vidole zinazouvika mshipa kwa nje na kuzuia protini isivuje, karibu haziwezi kugawanyika kwa mtu mzima, hivyo zinapopotea pengo huzibwa na kovu. Seli za mirija ya figo, kinyume chake, huweza kuota upya baada ya kujeruhiwa. Pia apoptosisi yenyewe inaweza kupitiliza: kichujio kilichokwisha kuwa kovu huonekana kwa darubini kikiwa na seli chache mno, kana kwamba upukutikaji haukujua pa kukomea.

Upo pia uongezekaji wa dharura, ambapo seli za ukuta wa nje wa kichujio hujaa katika nafasi ya mkojo na kufanya umbo la hilali. Hilali zikiwa katika vichujio vingi, figo inaweza kushindwa kazi ndani ya majuma au miezi michache, na matibabu hayapaswi kungoja.

Kwa hiyo mrudieni daktari na majibu hayo mkamwulize mambo matatu: seli zilizoongezeka ni za mesanjia au za ukuta wa nje, hilali zimeonekana katika vichujio vingapi, na ni vichujio vingapi vimekwisha kuwa kovu.